Ainisho la Awali la Kemikali za Zambarau kwa Kufuata Mwenendo Wao

Wanakemia huainisha kemikali za mimea kwa umbo la molekuli. Njia hiyo ina kasoro moja kubwa: molekuli haionekani, ulimi unaonekana. Kwa hiyo tumeainisha kwa tabia. Kielelezo ni zambarau, tunda lililoorodheshwa na Linnaeus mwaka 1753, ndugu wa karafuu na pera, na kwa wanabotania ni beri halali. (Ndizi nayo ni beri, stroberi si beri. Msituulize sisi.)

Kundi la kwanza ni Mashahidi, yaani anthosiani, rangi inayobaki ulimini. Jina hilo lilitungwa mwaka 1835 na mfamasia Mjerumani, Ludwig Clamor Marquart, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ua na buluu. Shahidi huyu hahongeki. Mtoto aliyeparamia mzambarau wa jirani huulizwa, naye hufungua kinywa aseme, "Wallahi sikula," na kesi inaishia hapohapo. Watafiti wanamsifu kwa kuzima chembe haribifu maabarani; mama mwenye nyumba ana sababu zake za kumsifu. Udhaifu wake ni kwamba hufuata upepo: kwenye ndimu huwa mwekundu, kwenye sabuni huelekea buluu. Ndiyo maana doa la kanzu, ukilikimbilia kwa sabuni, hubadili rangi badala ya kuondoka.

La pili ni Mgambo: tanini. Hawa hukamata protini za mate bila hati, ulimi ukakauka na kukwaruza. Wataalamu wana maelezo marefu. Waswahili wana neno moja, ukakasi. Walaji wazoefu huzitikisa zambarau na chumvi bakulini, jambo ambalo sisi tunaliita hongo.

Wapole, kina vitamini C na asidi ya elagi, hawatii doa wala hawakwaruzi. Hawana kesi, tuwapite.

Mbegu tumeiweka kwa Washukiwa. Unga wake umetumiwa India kwa kisukari tangu zamani, na wauzaji wa mitaani wameigeuza desturi kuwa hakikisho. Upelelezi haujafungwa. Dawa ya kliniki isiachwe.

Anayetilia shaka ainisho hili ale konzi mbili, kisha atoe ulimi mbele ya kioo. Kanzu nyeupe ivuliwe kwanza.