Mwongozo wa Kuishi na Mtoto Aliyetekwa na Dinosaria

Mtoto wa miaka mitano akipenda dinosaria, hapendi nusunusu. Atawachora kwenye daftari la hesabu, atawataja wakati wa kula, na usiku, taa ikishazimwa, atauliza kama walikuwa wanakoroma. Mzazi mwenzangu, usihangaike kumtafutia dawa. Fuata hatua hizi.

1. Kabidhi madaraka. Kwa mambo ya dinosaria, mkuu wa kaya sasa ni yeye. Akisema mbele ya wageni, "Mjomba, huyo si dinosaria, huyo ni mamba," usimkaripie. Mwombe amweleze mjomba tofauti yao. Mtoto anayemfundisha mtu mzima hulazimika kupanga mawazo, kutafuta maneno na kutetea anachosema. Hiyo ni shule tosha.

2. Msimulie ya nyumbani. Katuni zinaweza kumfanya aamini kuwa dinosaria wote waliishi Marekani. Mpe habari za kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, enzi za Wajerumani, mamia ya wenyeji walichimba mifupa pale, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama waliochimbwa huko, Giraffatitan, amesimamishwa kwenye makumbusho jijini Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mtoto akiuliza, "Kwa nini yuko kule na si huku kwetu?" usigeuze mazungumzo. Swali hilo limeshaulizwa hata bungeni, naye ana haki ya kuliuliza.

3. Tokeni nje na kamba. Pimeni mita 13 ardhini. Kama ua hautoshi, nendeni kwenye uwanja wa mtaa, na jirani atakayeuliza kuna nini ajibiwe na mtoto mwenyewe. Twiga dume mrefu hufika kama mita tano na nusu. Awekewe alama yake pembeni. Kisha mtoto alale chini, naye apimwe. Akilinganisha vimo hivyo vitatu, atakuwa amefanya hesabu bila kuitiwa kipindi.

4. Mtafiti apewe kuku. Ndege wametokana na dinosaria, kwa hiyo nyenzo za utafiti ziko bandani. Atazame magamba ya miguu, ahesabu vidole vitatu vinavyoelekea mbele, achore unyayo kwenye mchanga. Siku kuku akiliwa, mifupa ioshwe vizuri na mtoto aachiwe aipange upya. Ataweka paja pasipo paja. Mwache akosee, ageuze, ajaribu tena. Ndivyo wataalamu nao wanavyofanya na mifupa waliyoikuta imetawanyika.

5. Mpe majina ya dinosaria anayoweza kuyasoma. Mwaka 2017 wanasayansi walimtangaza Shingopana, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, wote wawili wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Huyu wa pili ana mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Mtoto anayejifunza kusoma silabi atayamudu, na kabla hujamwonyesha picha, mwambie amchore kila mmoja kwa kufuata jina lake tu.

6. Zoea kusema, "Sijui, tutafute." Kuuliza si ujinga, na kutojua jibu la swali la mtoto si aibu ya mzazi. Liandike swali la usiku kwenye karatasi, libandike ukutani, na Jumamosi mlitafute pamoja, kwa mwalimu, kitabuni au kwenye intaneti. Lisiachwe karatasi ikachakaa. Mtoto hukumbuka ahadi kuliko mkopeshaji.

7. Usimtungie mtihani. Usimwambie, "Ungekuwa unasoma Kiingereza hivi!" Wala usimtangazie ukoo kwamba atakuwa profesa. Ipo siku ataamka akipenda treni, au nyota, au mchwa. Zihifadhi zile picha, kisha anza kujifunza habari za mchwa. Dinosaria wanaweza kumtoka kichwani, lakini namna ya kutazama, kupima, kuuliza na kutafuta itabaki, na ndiyo atakayoitumia darasani na kazini.

Hakuna hatua hata moja hapa inayohitaji ada. Zote zinataka muda wako na masikio yako. Udadisi wa mtoto hauuawi na umaskini wa nyumba. Huuawa na "nyamaza" inayorudiwa kila siku. Kwa hiyo leo jioni akianza tena, weka simu pembeni, kaa karibu naye, umwambie, "Enhe, halafu ikawaje?"