Itifaki ya Sekunde 20

Mtu akikuambia "ongeza tu kautangulizi kadogo pale mbele", mkatalie hapo hapo, hata akiwa dada yako mkubwa. Mimi sikukataa, na Jumamosi nne zikaniponyoka nikiwa nimeinamia kompyuta kama fundi saa.

Mambo yalianza vizuri. Mama yuko Muheza, anatimiza miaka 70, na sisi watoto tukakubaliana kumkusanyia picha zake za zamani zipite moja moja kwenye TV huku taarabu ikipiga. Zilikuja picha 212. Kila moja ikikaa sekunde 5 inakuwa dakika 17 na ushee, si haba. Nilizipiga kwa simu kutoka kwenye zile albamu za kurasa za gundi, ambazo ukibandua picha unatoka na nusu, kwa hiyo nikazipiga zikiwa humo humo chini ya nailoni. Ukiitazama vizuri picha ya ndoa ya wazazi wangu ya mwaka 1974, kati ya bwana harusi na bibi harusi utaona kipara kinang'aa. Ni changu. Nimezaliwa miaka mitatu baadaye, lakini harusi nilihudhuria, ushahidi huo hapo.

Mtaniuliza diski ya nini wakati watu wanarushiana video kwenye simu mchana kutwa. Mama ana TV ya chogo. Ving'amuzi vilipoingia viliikuta, na naona itavizika. Haina tundu la fleshi, deki yake nayo haina. Ina mdomo mmoja tu, wa diski, ambayo Mama mpaka leo anaiita kanda. Halafu Mama haamini kitu kisichoshikika. Zawadi lazima iwe na boksi, ikae kwenye kabati la kioo pembeni ya vile vikombe ambavyo toka nipate akili sijaona mtu akinywea.

Basi dada akaandika kwenye kundi la familia: haiwezi kuanza na picha tu, ianze na kitu. Kitu gani? Kitu, kama kwenye filamu. Kufumba na kufumbua ikaundwa kamati, maana ukoo wetu hauwezi kununua hata kiberiti bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hazina yenyewe ilikuwa diski tupu tatu.

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo naomba kila mpenda utangulizi aifanye kabla hajafungua mdomo. Diski za huku kwetu zinafuata mfumo wa PAL, ambao kila sekunde moja ya video ni picha 25 zinazopita mbio, na kila picha ni nukta 720 kwa 576. Sekunde 20 ni picha 500. Yaani hako kautangulizi kadogo kana picha nyingi kuliko maisha yote ya Mama, tena za Mama nilishazipata.

Mjomba, mwalimu mkuu mstaafu, alijitolea sauti. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mjomba, ni sekunde 20 tu." Akasema hamna shida, yeye amezoea kubana muda. Akaniletea dakika 6. Dakika 4 za mwanzo zilikuwa salamu: kwa wazee, kwa mashehe, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa majirani wote kwa ujumla wao, halafu akatamka kwamba itifaki imezingatiwa, halafu akakumbuka aliyemsahau, akaanza upya. Nilikatakata mpaka nikabakiwa na maneno mawili, "Mama" na "hongera". Tatizo "Mama" lilitoka dakika ya kwanza, Mjomba akiwa bado mpole, na "hongera" nimelitoa dakika ya tano ambapo alikuwa anafukuza mbuzi dirishani. Ukiyaunganisha unasikia mtu anayemkaribisha mzazi wake na papo hapo anamfokea.

Picha za mwendo alipewa mpwa wangu wa miaka 14, kwa hoja kwamba watoto wa siku hizi ndio wanajua. Ni kweli anajua. Alirudi na dunia inazunguka, radi mbili, kisha uso wa Mama unachomoza polepole katikati ya ndimi za moto. Mwenyewe akasema sinema za kivita ndivyo zinavyoanza. Tukamwonyesha shangazi. Shangazi akaweka kikombe chini, akatazama hadi mwisho, akauliza kwa utulivu, "Mnamweka motoni, bado hata hajafa?" Akasema huo ni uchuro, na kama Mama ataamka na homa asitafutwe yeye. Moto ukatolewa, tukaweka maua. Maua nayo mtu akasema ni ya msibani. Tukaweka machungwa, mazao ya nyumbani, hayana ubaya na mtu.

Sitaki kueleza ugomvi wa nani atokee kwanza. Tuko watano. Itoshe kusema kwamba shemeji yangu alikaa na saa ya mkononi akapima, akagundua mumewe amepewa sekunde moja pungufu, na kitindamimba wetu, mtu mzima mwenye watoto wawili, alitoka kwenye kundi kwa siku tatu.

Kuchoma diski ndiyo kazi niliyodhani ni ndogo. Zamani kompyuta yangu ya Windows 7 ilikuja na programu ya kutengeneza dividii ndani yake, unabonyeza unakunywa chai. Hii ya sasa haina hata mdomo wa diski. Nimeazima wa nje, unaning'inia kwenye waya kama dripu. Huwezi pia kuitupia tu video ndani ya diski na kutegemea deki ya kizamani iisome. Inataka folda yake inayoitwa VIDEO_TS, na humo video iwe imebadilishwa iwe ya aina inayoijua. Na diski tupu zenyewe ziko za alama ya kutoa na za kujumlisha. Mie nilichukua mbili za kujumlisha na moja ya kutoa bila kutazama, maana nani anakagua hesabu kwenye diski?

Programu ikaniuliza swali la mwisho: utangulizi ukiisha, picha zianze zenyewe, au kije kwanza kioo chenye kitufe cha kubonyeza? Nikataka kujibu. Mpwa wangu akanisukuma pembeni, akachagua kitufe. Kama kwenye filamu, anasema. Nikamwachia, nilikuwa nimechoka.

Siku ikafika. Sebule imejaa mpaka barazani, Mjomba kavaa koti. Deki ikaonja diski ya kwanza, ikaitema. Ya pili, ikaitema. Zote za kujumlisha. Ya kutoa ikaimeza, ikakoroma, machungwa yakatokea. Sasa, hizi TV za chogo zina tabia ya kula kingo za picha, na watu wa televisheni wa zamani walilijua hilo. Maandishi waliyaweka ndani ya asilimia 80 ya kioo. Sisi tuliyatandaza kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo badala ya MIAKA 70 YA MAMA, hadhira ilisoma IAKA 70 YA MAM. Wakapiga vigelegele vile vile. "Mama, HONGERA!" ikafoka TV. Mjomba akageuka kunitazama. Na kabla sijapata la kumjibu, umeme ukakatika, ukarudi usiku wageni wameshaondoka na mimi niko kwenye basi.

Wiki tatu baadaye Mama akanipigia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Ile kanda nzuri sana. Naitazama kila siku baada ya magharibi. Wa jirani nimewaonyesha, mama wa maandazi nimemwonyesha, kalia. Ila nina swali, usikasirike. Watu wazima watano, kamati, mwezi mzima, ndiyo mnanitengenezea kitu kifupi hivyo?"

Nikahisi jasho. "Kifupi vipi, Mama?"

"Machungwa, nyie watoto, Mjomba wako anagomba, basi. Kinasimama. Nakitoa, nakirudisha, kinaanza tena."

"Mama, kikisimama, hapo chini hapajaandikwa ANZA?"

"Pameandikwa."

"Basi bonyeza ANZA. Kuna picha 212 humo."

"Rimoti ya deki ilipotea toka mdogo wako yuko sekondari. Nibonyeze hapo hapo?"

Kabla sijamjibu nikasikia kiti kinavutwa, nikasikia hatua zake, kisha kimya kirefu.

"Nimebonyeza," akasema. "Nimebonyeza na kidole gumba pia. Kioo kimechafuka tu."