Koti la Zambarau Siku ya Dabi

Mgeni akihamia Brussels ataulizwa mambo matatu. La kwanza, anaongea Kifaransa au Kiholanzi. La pili, anakaa manispaa gani kati ya zile 19 zinazounda mji huu. La tatu, anashabikia timu gani. La kwanza unaweza kulikwepa kwa Kiingereza cha kuombea maji na tabasamu pana. La pili limeandikwa kwenye karatasi zako. Hilo la tatu ndilo lenye mtego, maana ukijibu kwamba huna timu, watu wanakutazama kana kwamba umesema huna kwenu.

Mimi nilikuwa sina timu. Si kwamba sikujua mpira ni nini. Nimekulia Temeke, Dar es Salaam, nyumba ya Simba damu, ambako siku ya watani wa jadi chakula kilipikwa mapema, kwa sababu baada ya filimbi ya mwisho hakukuwa na mtu wa kutegemewa. Baba Simba, kaka Simba, mdogo wangu Simba. Mimi nikahesabiwa Simba pamoja na viti vya sebuleni, wala sikuombwa maoni. Ushabiki wa kurithi hauna kazi. Kazi ni kuanza upya ukubwani, ugenini, kwenye baridi.

Ushauri wa kwanza niliupata Matonge, kule Ixelles karibu na Porte de Namur, nikiwa nasukwa. Msusi wangu ni mama wa Bukavu, vidole vyake vina kasi na mdomo una kasi zaidi. Nilipomwambia natafuta timu, mkono ukasimama katikati ya msuko.

"Mama, sasa unatafuta nini ingine? Anderlecht! Kompany njo mutoto ya kwetu."

Hakudanganya. Pierre Kompany, baba yake Vincent, ni mzaliwa wa Bukavu, na mwaka 2018 alichaguliwa meya wa Ganshoren, Mbelgiji mweusi wa kwanza kushika umeya nchini humu. Vincent mwenyewe alilelewa kisoka Anderlecht, akaingia timu ya wakubwa mwaka 2003, na mwaka 2019 akarudi kuwa mchezaji na mwalimu kwa wakati mmoja. Nikathubutu kusema kwamba sasa hivi Kompany yuko Ujerumani, anafundisha Bayern München. Ule msuko ukavutwa nikaona nyota. Mtu aliyesukwa nusu kichwa, na nusu nyingine imesimama wima, hana ubavu wa kubishana.

Hoja ya Anderlecht ni nzito hata bila Kompany. Wana ubingwa wa nchi mara 34, hakuna aliyewafikia. Wamebeba Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1976 na 1978, na Kombe la UEFA mwaka 1983. Shida ni kwamba huo wa 34 waliuchukua mwaka 2017, na tangu hapo mashabiki wao wanaongea kwa wakati uliopita, kama tajiri anayekuonyesha picha za nyumba aliyokwisha kuiuza. Huzuni hiyo naijua. Yanga, watani wetu wa Simba, walipobeba ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2022, nilikuwa naipokea kwa simu kutoka Temeke kila mwisho wa msimu. Sikuona sababu ya kuifuata mpaka uwanjani na kuilipia kiingilio.

Mdogo wangu aliposikia habari hizi, akatuma ujumbe wa sauti usiku wa manane: "Dada, unazunguka nini? Samatta!" Kwake yeye Ubelgiji ni Genk, na Genk ni Mbwana Samatta, aliyetua pale Januari 2016 akitokea TP Mazembe, akapachika mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 na kubeba ubingwa. Kesho yake nikamsimulia Mkenya mmoja ninayefanya naye kazi, akacheka. "Wacha hizo. Mike Okoth alishinda ligi na Genk mwaka 1999. Samatta alikuwa bado chekechea." Okoth ni baba yake Divock Origi, yule aliyezaliwa Ostend na baadaye akaifungia Liverpool bao la fainali ya Ulaya. Basi Mtanzania na Mkenya wakagombea Genk mbele yangu, mmoja kwa simu na mwingine kwenye mashine ya kahawa, kila mmoja akidai ni timu ya kwao, na hakuna aliyewahi kukanyaga huko.

Genk ipo Limburg, zaidi ya kilomita 80 kutoka hapa, na mechi ya usiku ikiisha, safari ya kurudi nyumbani inabaki mikononi mwa Mungu na shirika la reli. Isitoshe, ukichagua timu kwa ajili ya mchezaji, jiandae kuhama naye. Anayemfuata Samatta angetoka Genk akaenda Aston Villa, akapanda mpaka Istanbul, akaja Antwerp, akarudi Genk, kisha akashukia Ugiriki. Hiyo si timu, hiyo ni hati ya kusafiria.

Kaka mkubwa akaja na hesabu ya rangi: tafuta nyekundu na nyeupe kama za Simba, umalize. Rangi hizo zipo, ni za Standard. Ila Standard ni ya Liège, mji mwingine, nao na Anderlecht hawapikiki chungu kimoja. Nikaufikiria mkono wa yule mama wa Bukavu kichwani kwangu, nikaliacha wazo hilo.

Ikabaki Union Saint-Gilloise. Hii niliingizwa na jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kibelgiji mwenye mbwa mnene na kadi ya msimu. Union ilianzishwa mwaka 1897. Kati ya 1933 na 1935 ilicheza mechi 60 za ligi bila kufungwa. Mwaka 1935 ikachukua ubingwa wake wa 11, kisha ikalala. Mwaka 1973 ikashuka daraja na ikarudi ligi kuu mwaka 2021, miaka 48 baadaye. Juni 2023 walikuwa mabingwa mpaka zikabaki dakika chache, wakafungwa tatu kwa moja na Club Brugge, kombe likaenda Antwerp. Bibi akinisimulia siku hiyo hushika ukuta. Ubingwa wa 12 ulikuja Mei 2025, baada ya miaka 90.

Hapo ndipo kichwa cha mtoto wa Simba kilipogonga. Mwaka 1935 ndio mwaka Yanga ilipoanzishwa. Kwa maneno mengine, Union ilisubiri ubingwa kwa umri wote wa Yanga. Na rangi za Union, Mungu atunusuru, ni bluu na njano.

Nikasema nitakwenda mara moja tu, kwa heshima ya ujirani. Bibi akanitafutia tiketi. Mechi: Union na Anderlecht. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, nami nilikuwa na koti jipya la mtumba kutoka soko la Place du Jeu de Balle, sufu nzito, vifungo vikubwa, rangi ya zambarau iliyoiva. Dar lingefaa kwenye send-off. Tulikubaliana kukutana getini, kwa hiyo hakuniona nikitoka.

Uwanja wa Union, Joseph Marien, haupo Saint-Gilles, upo Forest, ubavuni mwa bustani ya Duden, na watu huenda kwa miguu kupita chini ya miti. Nilishangaa jinsi wenye skafu za njano walivyonipisha njia. Nikadhani ni adabu kwa mgeni. Mtoto mmoja alininyooshea kidole, mama yake akakishusha. Nilipofika, askari polisi alinisalimia kwa upole na kunielekeza geti la wageni, upande wa pili. Nikamwonyesha tiketi. Akaitazama tiketi, akalitazama koti, akaitazama tena tiketi. Anderlecht rangi yao ni zambarau na nyeupe. Nilikuwa nimewavalia sare kamili, imebaki namba mgongoni.

Bibi alipotokea hakusema neno. Alinivua koti palepale, akaligeuza ndani nje, akanivika tena. Nikabaki na bitana ya kijivu, mifuko ikining'inia kiunoni, na lebo mgongoni ikiutangazia umma kwamba mimi nisifuliwe kwa maji. Mvua ikaanza kunyesha. Akanizungushia skafu ya Union shingoni, akanipiga picha, akataka niitume kwetu.

Nikaituma kwenye kundi la familia. Kabla sijakaa, simu ikawaka moto. Kaka mkubwa: "Dada, hiyo njano ni ya nini?" Mdogo wangu akajitoa kwenye kundi. Nikaeleza kwamba Yanga ni njano na kijani, hii ni njano na bluu, ni timu ya Ulaya na ni mabingwa. Baba, ambaye huwa haandiki, aliandika: "Njano ni njano."

Bibi aliposikia tafsiri alicheka mpaka akashika ukuta tena. Akaniambia Brussels wanayajua hayo kitambo: tangu mwaka 1938 wana mchezo wa kuigiza uitwao Bossemans et Coppenolle, wa familia mbili, moja ya Union na nyingine ya Daring ya Molenbeek, vijana wao wakipendana huku wazazi wakinuniana. Hao Daring nao walimezwa kwenye muungano wa timu mwaka 1973. Union ilipoingia Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu wa 2025/26, uwanja wake haukufaa, mechi za nyumbani ikachezea wapi? Kwa Anderlecht. Mji huu watu wanataniana, halafu wanaazimana chumba.

Mimi sasa ni Union, Temeke wapende wasipende, na kwa msusi ninasema Anderlecht mpaka anifunge msuko wa mwisho. Mgeni mwenzangu unayetafuta timu, usihangaike na makabati ya makombe wala ukoo wa wachezaji. Chagua timu ambayo unaweza kurudi nayo nyumbani kwa miguu, na ambayo kuna mtu wa kukaa naye siku ikifungwa. Joseph Marien haiingizi hata watu 10,000, kwa hiyo tiketi ya dabi itafute mapema. Na kabla ya kununua koti, uliza rangi.