Mwili wa Mtu Hausomwi kwenye Simu

Jamani, nilisonya! Kijana katoka zake chuo mjini, kafika kijiweni kwetu hapa Rondo, anasema wachongaji wa huku hawajui mwili wa binadamu kwa kuwa hawajawahi kukaa na penseli mbele ya mtu aliye uchi. Eti kazi yao ufundi tu, sanaa bado.

Haya, kitazame kinyago cha kiwiliwili cha Wamakonde, kile anachovaa mwanamume kwenye ngoma za unyago akiigiza mjamzito. Tumbo limejaa, kitovu kimetokeza, maziwa yamelalia tumbo, chale zimepangwa kwa nta. Aliyechonga vile alimtazama mjamzito sawasawa, akajua uzito unakaa wapi.

Hiyo desturi ya kuchora watu uchi darasani ni ya akademia za Ulaya. Hata chuo cha Makerere, Uganda, Margaret Trowell aliyeanzisha somo la sanaa miaka ya 1930 hakuiegemea: aliwasimulia wanafunzi visa, wao wakachora walichokiona mawazoni. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchaga wetu wa Kilimanjaro, alikwenda kusoma shule ya sanaa ya Slade, London, na bado akaendelea kuchora watu wa kwao kwa mkono wake mwenyewe. Picha yake ya 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo Museum of Modern Art, New York. Nani atasema ile si sanaa?

Lakini penseli siitukani, maana huku kwetu nako kuna ugonjwa. Kijana anachonga kwa kunakili picha ya simu, jirani ananakili kwake, mwisho vidole vyote urefu mmoja na kiwiko hakina mfupa. Kutazama kumekufa! Na kutazama hakuhitaji kumvua mtu nguo. Mtazame mama anayetwanga: mchi ukipanda, kisigino kinanyanyuka na bega linavutika; ukishuka, kiuno kinapokea pigo lote. Khanga haifichi hayo hata kidogo. Trowell alikuwa na haki kuwaachia watu mawazo yao, ila mawazo nayo yanakula kwenye macho.

Basi walimu wa Rondo, nawaomba: watoeni watoto darasani na mkaa na karatasi, mkamwombe ruhusa mama anayetwanga, wamchore mpaka amalize kinu chake. Simu ziacheni ofisini.