Nyuki wa Babu Wataka Shahidi

Katika miji yetu ya pwani ilimu ilikuwa na adabu zake, na adabu ya kwanza ilikuwa kwamba mtu mzima akisema jambo barazani, akalisema kwa kituo, baada ya kuteremsha kikombe cha kahawa na kupangusa ndevu, jambo lile lilikuwa limekwisha kuthibiti, na kijana aliyeuliza "umelipata wapi?" alihesabiwa kuwa amekosa malezi. Niliishi na adabu hiyo bila ya kudhurika mpaka nilipoingia katika kazi ya kujitolea ya kuiandikia Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ambayo kila mwenye simu na subira aweza kuisoma, kuiongeza na kuisahihisha pasipo kulipa wala kulipwa, nikakuta kwamba humo swali la kwanza na la mwisho ni lile lile lililokuwa likitupatia makonzi utotoni.

Kazi yenyewe haina siri. Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Leo ina makala zaidi ya 80,000, zilizoandikwa na watu ambao wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso. Juu ya kila makala pana neno Hariri, ambalo ukilibonyeza maandishi yote huwa mikononi mwako uyatengeneze au uyaharibu, kwa kadiri ya nia yako. Na jirani yake pana Historia, ambapo kila badiliko, hata mkato uliohamishwa usiku wa manane, limewekewa siku yake, saa yake na mwenye kulifanya, daftari ambalo Kiramani Katibina wenyewe, malaika waandishi wa matendo, wasingelitia dosari. Kisha pana Majadiliano, mahali pa watu kuhojiana kwa staha, na kila aliyesema hutakiwa aweke saini yake kwa kupiga viwimbi vinne mfululizo (~~~~). Viwimbi hivyo katika simu yangu vilikuwa vimefichwa kama mali ya yatima. Nilimpelekea kijana wa duka la steshenari, naye, kwa vidole vyepesi vya umri wake, akafumua alama ya pauni, ya yeni, ya nyuzi za joto, na nyingine ambazo yeye wala mimi hatukujua zinatumika kwa nini, kabla hajakifikia kiwimbi kimoja kimejikunja pembeni. Kifurushi cha intaneti nacho kina tabia ya kukata roho saa ile ile mtu anapobonyeza neno la kuhifadhi, na aya iliyotungwa tangu adhuhuri ikatoweka na fasaha yake yote.

Lakini hayo ni mambo ya vyombo, na vyombo huzoeleka. Msiba wangu ulikuwa nyuki.

Nilikuwa nimechagua kuandika habari za Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Arthur Aitken, wakakabiliwa na askari wapatao 1,000 tu wa Wadachi, yaani Wajerumani, wengi wa askari hao wakiwa Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Na wale wengi wakashindwa na wale wachache, wakarudi melini kwa haraka isiyo na heshima, wakiacha nyuma bombomu 16 na risasi 600,000. Katikati ya vita hivyo nyuki waliochokozwa na risasi walitoka kwa ghadhabu wakawauma askari wa pande zote mbili, na baadhi ya Waingereza wakashikilia kwamba ile ilikuwa hila ya Wadachi. Haya yote yamo vitabuni, yana kurasa zake, nami nilizitaja moja moja.

Makala ilipokwisha nilimpelekea ami yangu aisome, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo na ndiye msimulizi wa vita hivyo katika kila harusi na kila hitima. Aliivutia simu karibu, akaitenga mbali, akaivutia tena, akasoma mpaka mwisho huku midomo ikicheza.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Lakini mbona mwenye nyuki hukumtaja?"

"Mwenye nyuki, Ami?"

"Mizinga ile ilikuwa ya babu yangu mzaa baba. Yeye ndiye aliyewasomea, wakatoka."

Nilimweleza kwa unyenyekevu kwamba jambo haliandikwi humo mpaka lipatiwe chanzo.

"Chanzo ni mimi," alisema ami.

Nikamweleza kwamba chanzo hakina budi kiwe maandishi yaliyochapishwa na mtu mwingine, wa kuaminika. Hapo ndipo alipokasirika hasa, akaniuliza ni dini gani hiyo, maana yeye ana isnadi kamili: amesimuliwa na baba yake, aliyesimuliwa na baba yake, ambaye mizinga ilikuwa yake; na mwezi wa Shawwal, unaofungulisha umma mzima, huthibiti kwa mashahidi wawili waadilifu, sembuse nyuki. Jioni yake akanikusanyia wazee watatu barazani, wote wakashuhudia kwamba wamesikia. Walisikia kwa nani? Walisikia kwa ami.

Mwenyewe hakungoja. Kwa kuwa kuhariri hakuhitaji hata kujisajili, alichukua simu ya mjukuu wake akaingiza sentensi moja yenye jina la marehemu, dua ya kumrehemu, na idadi ya mizinga. Haikupita saa, ikatenguliwa, na kwenye Historia pakawekwa maneno mawili ya upole: haina chanzo. Ami akauliza: "Ni nani huyu? Mtoto wa nani? Anakaa mtaa gani?" Nikamwambia kwamba huenda yuko Bukoba, huenda yuko Bonn, na kwamba humo nasaba haiulizwi. Akairudisha sentensi, ikatenguliwa. Akairudisha mara nyingine, safari hii akiwa ameongeza kwamba nyuki wenyewe walikuwa wakali mno. Mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa kamusi, akamwandikia kwenye Majadiliano, akimsihi kwa heshima alete kitabu au gazeti. Ami akamjibu kwa waraka mrefu ulioanza na hamdala, ukapita kwenye hali ya mvua na bei ya nazi, ukaishia kwa kumwalika mkabidhi aje ale pilau aelezwe mambo kwa mdomo. Na viwimbi akavikataa katakata, kwa hoja kwamba yeye saini yake ni ya Kiarabu.

Kilichofuata kilikuwa kitabu. Ami alimlipa yule yule kijana wa steshenari akamchapia kurasa zake, akazifunga kwa waya wa plastiki na jalada la buluu, akaniletea akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikawa sina hila ila kumwambia kwamba kitabu alichojichapishia mtu mwenyewe hakipokelewi, na kwamba, zaidi ya hayo, yeye ni jamaa wa mwenye nyuki, kwa hiyo maslahi yake yanagongana na kalamu yake. Alininyima kahawa mpaka mwisho wa mwezi.

Katika shauri hili mimi niko upande wa sharti. Nampenda ami, lakini nimeyasikia masimulizi yake mara nyingi: kwenye harusi moja nyuki walikuwa wa babu, kwenye nyingine walikuwa wameazimwa Pangani, na usiku mmoja, mvua ikinyesha na wasikilizaji wakiwa wepesi wa kuamini, walikuwa manyigu. Pamoja na hayo linanikera jambo moja: Lettow-Vorbeck, jemadari aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, anayo karatasi ya kumtetea hata pale anapojisifu, na mwenye mizinga hanayo, kwa kuwa hakuna mchapishaji aliyepata kumbishia hodi. Kamusi ya kujitolea haiwezi kulirekebisha hilo. Huokota kilichokwisha kuandikwa, na mengi ya kwetu hayakuandikwa, au yaliandikwa kisha yakafungiwa karanga.

Basi msomaji, hali ya makala kwa sasa ni kwamba nyuki waliuma pande zote mbili, na mwenyewe hatajwi. Ikiwa nyumbani kwenu pana sanduku la bibi lenye nakala za Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililotoka Tanga enzi za Wadachi, au za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, tafadhali lifungue kabla mchwa hawajalifungua, na ukiona habari za mizinga usiikate ile habari peke yake: piga picha ukurasa mzima, pamoja na jina la gazeti, tarehe na nambari ya ukurasa. Gharama za kuileta, ami amesema, ni juu yake.