Maneno Sita ya Kumtwisha Mwenzio Zigo, Kuanzia la Mwisho

Tumeyapanga kwa haki kabisa, yaani kwa upendeleo wetu. Ukibisha, lawama ziko namba 4, jihudumie.

6. Kutuhumu
Neno la Kiarabu lililovaa suti. Mtu kashikwa na kuku wa jirani kwapani, kuku bado analia, gazeti linaandika "mtuhumiwa". Salama mno, halinogi.

5. Kushutumu
Kwao Uarabuni, shatama ni kutukana. Likavuka bahari likastaarabika, na leo hata mabalozi hushutumiana. Tusi lenye pasipoti.

4. Kulaumu
Nalo ni la Kiarabu. Mwanzoni mwa sura ya 75 ya Kurani imetajwa nafsi lawwama, ile inayojilaumu yenyewe. Neno tulilipokea, hilo la kujilaumu tukalisahau bandarini.

3. Mbuzi wa kafara
Fungua Mambo ya Walawi, sura ya 16. Mbuzi walikuwa wawili. Mmoja akachinjwa, wa pili akatwishwa dhambi za watu wote, akaachiliwa jangwani. Soma tena taratibu: aliyebeba lawama ndiye aliyeondoka hai! Mhasibu akifukuzwa kwa kosa la bosi, mpelekeeni habari hii njema.

2. Kusuta
Najua, watu wa Pwani mshaanza kufoka. Tulieni. Kusuta si kulaumu tu, ni kumkabili mtu kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, akose pa kuficha uso. Uswahilini Dar es Salaam kuna anayesutwa kwa matarumbeta, mtaa mzima nje. Nitajie lugha nyingine inayokodi bendi kwa kazi hii. Limekosa ushindi kwa dosari moja: anayesutwa mara nyingi kweli alisema.

1. Kusingizia
Bingwa. Hapa kosa halihitajiki, anahitajika mtu tu. Na tazama ukoo wake: kupakazia (kutoka kupaka, kama tope), kuzushia, kubambikia. Wote wanaishia na -ia, kauli ile ile ya kupikia na kununulia. Sarufi yetu humsingizia jirani kwa mkono ule ule unaompelekea wali.

Akikosekana jirani, hakijaharibika kitu. Jumatatu asubuhi unajisingizia homa, na homa haijawahi kuja kukusuta.