Mwaka Mpya wa Vidonge Huanza Agosti

Wazee wetu wengi hapa Toronto wamezaliwa tarehe 1 Januari. Si kwa uzazi, ni kwa makarani. Mjomba wangu alizaliwa Mombasa msimu wa maembe, ndivyo bibi alivyokuwa akisema. Karani hakuwa na kisanduku cha maembe, akaandika 1 Januari. Sasa mjomba anashiriki siku ya kuzaliwa na nusu ya wazee wa Scarborough.

Hilo halikumsumbua hata kidogo mpaka alipotimiza miaka 65. Ontario, mwenye umri huo na kadi ya afya ya jimbo iliyo hai huingizwa kwenye mpango wa dawa wa serikali kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Kwa mjomba ikawa 1 Februari. Akapiga hesabu: maembe ni Novemba, kwa hiyo serikali ina deni lake la vidonge vya presha. “Waambie walipe ya nyuma,” akaniagiza, kana kwamba waziri ni jirani yangu.

Alikuwa ameshatangaza msikitini kwamba dawa ni bure. Bure yenyewe ina ngazi. Dola 100 za kwanza kila mwaka unalipa mwenyewe. Zikiisha, kila dawa unachangia hadi dola 6.11, serikali inamalizia. Mfamasia alieleza taratibu, nami nikatafsiri. Lakini mjomba ameuza mitumba soko la Kongowea miaka mingi, na bei kwake ni mwanzo wa mazungumzo.

“Mwambie nampa nne.”

“Mjomba, imepangwa na serikali.”

“Basi tano. Na hiyo senti kumi na moja ni ya nini? Ya mfuko?”

Akalipa, akinung'unika. Kasheshe lenyewe likaja Agosti. Mwaka wa mpango huu huanza 1 Agosti na kwisha 31 Julai, jambo ambalo hakuna kalenda ya ukutani inayolisema. Mjomba akaenda na dola zake sita mkononi, akatajiwa bei kamili. “Za kwanza nimeshalipa! Mwaka haujaisha!” Foleni nzima ikageuka. Kiswahili hawakijui, ila aliyeibiwa wanamjua kwa sauti.

Shangazi, yeye ana kisukari, ndiye aliyegundua kituko cha pili: mpango unalipia insulini, lakini haulipii sindano ya kuichomea. Sindano zina msaada wake kwenye mpango mwingine, wenye fomu nyingine. “Sasa insulini niinywe na chai?” akauliza. Sikuwa na jibu.

Aliyetuokoa siku ile ya Agosti ni mama mmoja wa Kijamaika kwenye foleni. Alimsikiliza mjomba akipiga kelele, akaniuliza kama mzee amejaza fomu ya wenye kipato kidogo. Fomu gani? Kumbe wazee wanaoishi kwa pensheni ndogo wakiiomba na kukubaliwa, ile dola 100 inafutwa, na kila dawa wanachangia dola 2 tu, si zaidi.

Kwa hiyo kama una mama, baba au jirani mzee Ontario, usimwache akilipa kimya kimya. Mwulize mfamasia habari ya fomu hiyo, na hakikisha mzee amewasilisha ritani ya kodi, kwa kuwa kipato hupimwa kwa hiyo. Mjomba yeye kakubaliwa. Sasa anaulizia moja na nusu.